Donda Ndugu la Njia Panda ya Msata

Kwa miaka kadhaa sasa, kila ninapokwenda Tanga huikwepa foleni ya Kibaha na Mlandizi. Hushika njia ya Bagamoyo, nikapita Makofia na Kiwangwa ya mananasi, nikatokea Msata. Kutoka Bagamoyo ni kilomita 64 za lami, na mwisho wake ni njia panda inayoungana na barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. Hapo hushuka nikaenda kuamkia katika nyumba moja niliyoijua tangu ujana, kwa kuwa mtoto wa pili wa nyumba hiyo nilisoma naye. Mama yao humwita mama, naye huniita mwanangu, na hajapata kuniruhusu niondoke bila kula.

Nyumba hiyo ina ekari sita. Zamani zilikuwa za mihogo, mikorosho michache na nyasi, na hakuna aliyezigombania kwa sababu hakuna aliyezitaka. Lami ilipofika, ardhi iliyokuwa ikipimwa kwa jembe ikaanza kupimwa kwa hatua: ishirini kwa ishirini, fedha mkononi. Kaka mkubwa akauza vipande viwili pasipo kuwaambia wenziwe. Mdogo wake, yule rafiki yangu, akaenda kushtaki. Dada yao, aliyeachika na kurudi nyumbani kumtunza mama, akabaki katikati, akipika chakula ambacho kaka zake hawakubali tena kukila katika sinia moja.

Hesabu sasa miaka mitatu tangu mauzo hayo. Mama alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia. Kaka mkubwa alianza kumeza dawa za presha akiwa na umri wa miaka 48. Rafiki yangu halali. Anasema akifumba macho anaiona mipaka ya shamba. Na dada, ambaye ana kisukari, alijikata kwa jembe juu kidogo ya kifundo cha mguu, jeraha ambalo mtoto angelisahau baada ya wiki mbili, nalo likakaa wazi miezi saba.

Kiswahili kina jina la kidonda cha namna hiyo, kidonda sugu kisichosikia dawa. Tunakiita donda ndugu. Jina hilo tumelizoea mno kiasi kwamba hatulisikii tena linavyosema.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha sayansi ya jamii, na kazi hiyo imenifunza kutokipokea kisa kimoja kama ushahidi. Sisemi kwamba ekari sita ndizo zilizompooza mama. Ana umri mkubwa, na chumvi haikupata kuwa haba katika chungu chake. Kisukari peke yake kinatosha kuchelewesha jeraha la mguu. Hata vidonda vya tumbo, ambavyo kwa miaka mingi tulivisingizia mawazo, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionesha katika miaka ya 1980 kwamba aghalabu vina bakteria ndani yake, wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Ninalosema ni dogo kuliko hilo, lakini nadhani ni zito: ugomvi wa nyumbani unaingia mwilini kwa njia zinazojulikana na kupimika, na sisi tumeamua kwamba si sehemu ya afya ya umma.

Mwaka huohuo wa 2005, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo naliona kama limeandikwa kwa ajili ya nyumba ile ya Msata. Waliwaita wanandoa, jozi 42, wakawatia malengelenge madogo mkononi kwa chombo cha kufyonza ngozi, kisha wakawaketisha wazungumze. Safari ya kwanza walizungumza mambo ya kusaidiana. Safari ya pili walizungumza mambo wanayogombania. Vidonda vilichelewa kupona baada ya mazungumzo ya ugomvi. Na katika jozi zilizooneshana uhasama mwingi, uponaji ulikwenda kwa asilimia 60 tu ya kasi ya jozi zenye uhasama mdogo. Miaka kumi kabla ya hapo, timu hiyohiyo iliwapima wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye maradhi ya kusahau ya uzeeni. Kidonda kidogo walichokatwa kwa makusudi ya utafiti kilichukua siku tisa zaidi kupona kuliko kwa wanawake wenzao wasiouguza mtu. Msomaji akumbuke hapa kwamba dada wa Msata anafanya yote mawili: anauguza na anaishi katikati ya ugomvi.

Namna mwili unavyofanya si fumbo. Ukikutana na nyoka njiani, tezi mbili ndogo zilizoketi juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, presha ikapanda, sukari ikamwagwa kwenye damu ili miguu ipate nguvu. Ikifuatia kortisoli, kazi zinazoweza kusubiri husimamishwa kwa muda, na mojawapo ni kushona ngozi na kupambana na vijidudu. Nyoka akishapita, mambo hurudi yalivyokuwa. Mpango huo ni mzuri kabisa kwa nyoka. Lakini ndugu hapiti. Ndugu yuko chumba cha pili, unamsikia akikohoa, na kesho asubuhi mtakutana kisimani. Mwili unabaki katika hali ya dharura kwa miezi na miaka, na vyombo vilivyotengenezwa kwa dakika chache za hatari vinachakaa kwa kutumika usiku kucha: mishipa ya damu inakakamaa, sukari haishuki, jeraha linangoja zamu yake ambayo haifiki.

Wapo watakaosema haya ni maradhi ya Wazungu na upweke wao. Basi na tutazame karibu. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Presha zao zilipanda mapema, baada ya miezi michache tu ya kuhama, zikazidi za wenzao waliobaki. Watafiti walitaja chumvi na uzito, lakini waliona pia kwamba mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, ishara ya mwili ulio katika tahadhari. Hapa kwetu, kati ya 2003 na 2006, kiharusi kilihesabiwa kwa uangalifu mkubwa wilayani Hai na jijini Dar es Salaam: baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa 109 kwa kila watu 100,000 huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Tofauti kama hiyo ina sababu nyingi, na sitaki kuifanyia ubabe. Lakini anayeamini kwamba yote ni chumvi na mafuta, na aeleze pia mtu anayekula vilevile na kulala tofauti.

Na kuna nyani. Chini ya Kilimanjaro, upande wa Kenya, huko Amboseli, nyani wa porini wamechunguzwa mmoja mmoja tangu mwaka 1971. Mwaka 2016 watafiti walichapisha maisha ya majike 196. Waliokutana utotoni na misukosuko mitatu au zaidi, kama vile ukame, kufiwa na mama, mama mwenye cheo cha chini katika kundi, au mdogo kuzaliwa mapema mno baada yao, waliishi wastani wa miaka kumi pungufu kuliko wale waliokutana na msukosuko mmoja tu au ambao hawakukutana na wowote. Nyani hawavuti sigara, hawanywi gongo, wala hawana wito wa baraza. Kilichowafupishia maisha ni pamoja na jinsi walivyolelewa na waliyeishi naye. Ni jambo la kutufadhaisha kidogo kwamba tunajua mengi namna hii kuhusu familia za nyani wa Amboseli, ilhali faili la mgonjwa wa presha wa Msata halina hata mstari mmoja unaosema anaishi na nani.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Dada yule alipokwenda kituo cha afya alihudumiwa vizuri. Nililishuhudia hilo mwenyewe, na sina neno. Kidonda kilisafishwa, sukari ilipimwa, dawa aliandikiwa, akaelezwa habari ya ugali na wanga. Hakuna aliyemuuliza kama nyumbani kuna amani. Alipokwenda kwa mganga, kwa kuwa watu wa Pwani tuna milango miwili na tusidanganyane, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: mmegombana na nani?

Swali hilo ni sahihi. Waganga wetu, kwa karne nyingi, wamejua kwamba maradhi yana ukoo. Kosa liko katika jibu. Mganga hakumpa dada njia ya kupatana, alimpa adui. Alisema mguu umetupiwa kitu, na aliyetupa ni mwanamke aliyeolewa katika nyumba hiyo. Katika nyumba ile mwanamke wa namna hiyo ni mmoja tu, mke wa rafiki yangu. Tangu siku hiyo mke huyo hachoti maji katika kisima kile. Sisi sote tunajua, kutokana na mauaji ya vikongwe wenye macho mekundu huko Kanda ya Ziwa, jibu kama hilo linaweza kufika wapi.

Kwa hiyo mwananchi wetu yuko kati ya mlango unaoponya bila kuuliza na mlango unaouliza kisha ukaongeza ugonjwa. Serikali na vyuo vyetu tumeviandaa vituo vya afya vizuri zaidi kila mwaka, na tumeliacha swali lile mikononi mwa mganga.

Ni nani basi angeliuliza? Kwa maandishi, tunao wengi. Yupo afisa ustawi wa jamii, ambaye aghalabu ana eneo kubwa na hana usafiri. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, ambalo hufikiwa baada ya damu kumwagika. Lipo Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka lipitiwe kabla ya kuomba talaka, na ambalo watu wengi huliendea kama wanavyoliendea dirisha la mhuri: nipe fomu niende mahakamani. Lipo Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021, baraza hili haliamui tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, nalo limewekewa siku 30. Nia ilikuwa njema. Lakini siku 30 zinatosha kujaza hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, hazitoshi kuwarudisha ndugu wawili katika sinia moja. Likishindikana hapo, shauri linahamia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ndugu wanaingia katika mwendo wa tarehe, nauli na mashahidi ambao mwili wa binadamu hauwezi kuutofautisha na vita.

Tena tuliukuta ugomvi wenyewe umeandaliwa. Wakwere na jirani zao Wazaramo na Wazigua walikuwa na ukoo wa upande wa mama. Mjomba alikuwa na neno katika ardhi. Ukaja Uislamu na mafungu yake ya mirathi, ikaja sheria ya nchi na hati zake, ikaja lami na madalali. Kila mmoja kati ya watoto watatu wa nyumba ile ana haki kwa mujibu wa sheria moja kati ya hizo, na hakuna aliyekaa nao kuwaambia ni ipi itakayotumika kabla dalali hajafika. Barabara ilifanyiwa tathmini ya mazingira. Watu walilipwa fidia ya miti na nyumba. Hakuna fungu lililotengwa kwa ajili ya kuwakalisha wenye mashamba kuandika nani ana nini, jambo ambalo lingegharimu pungufu ya ukarabati wa kalvati moja. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ugomvi wa kifamilia ni siri ya watu na Serikali isiingie, namjibu kwamba imekwisha kuingia, na iliingia na greda.

Tuna methali inayotuhalalishia kukaa mbali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Nimewasikia wenyeviti wa vitongoji wakiitaja kwa fahari. Ilikuwa methali ya busara katika dunia ambayo ndugu waligombania maneno, na jioni wazee waliwaita barazani. Leo wanapogombana, anayekwenda kuvuna ni yule aliyenunua ishirini kwa ishirini.

Methali nyingine, ya mvumilivu na mbivu zake, ina madhara makubwa zaidi, na hii tunawapa hasa wanawake. Inatolewa ungoni, inatolewa katika sherehe za jikoni, inatolewa madhabahuni na misikitini. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 uliwauliza wanawake wa Dar es Salaam na Mbeya waliopata kuwa na mwenza: asilimia 41 Dar es Salaam na 56 Mbeya walikuwa wamepigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenza wao. Katika nchi mbalimbali za uchunguzi huo, waliofanyiwa ukatili walilalamikia zaidi maumivu, kizunguzungu, kusahausahau na ugumu wa kutembea, hata kama kipigo kilikuwa cha zamani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mwenza mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga. Sheria hiyo ina zaidi ya nusu karne. Wanaofundisha uvumilivu wangepaswa kuambiwa pia kwamba mwili hauvumilii. Unaweka deni tu.

Wasomaji wangu wengi ni watumishi wa umma, na wao nina neno lao. Kwa miaka sita mke wangu alifanya kazi mkoa mmoja nami mkoa mwingine. Barua za kuomba uhamisho tuliziandika hadi tukazihifadhi kwa ufasaha wake. Nilipotimiza miaka 41, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilipimwa nikakutwa na 160 juu ya 100. Daktari alikuwa kijana mpole, akaniambia nipunguze chumvi na nitembee. Nilipunguza chumvi, nikatembea, ikashuka kidogo. Mke wangu alipohamishwa hatimaye, sikuacha dawa, na simshauri mtu kuacha dawa. Lakini nilianza kulala. Najua mamia ya walimu na wauguzi wanaoishi hivyo, wakilea watoto kwa simu, wakitumiana lawama usiku kwa sababu mchana hakuna nafasi. Afisa utumishi anayelikalia jalada la uhamisho wa mwenza anadhani anashughulikia ikama. Anashughulikia presha za watu wawili na utoto wa watatu.

Lipo jambo linaloweza kufanyika bila kungoja bajeti kubwa. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani, wasio na shahada yoyote, kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu, tatizo moja baada ya jingine. Washona wana neno lao, kufungisisa, ambalo maana yake ni kuwaza kupita kiasi, yaani kile tunachokiita mawazo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa 573, lilionesha kwamba walioketi na bibi hao walipata nafuu ya sonona na wasiwasi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi, tangu Januari 2024, tuna mpango wa Serikali wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwafikia zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Watakwenda nyumba kwa nyumba. Wataona sinia limegawanyika. Swali moja liongezwe katika fomu yao, na jingine katika daftari la kliniki ya presha na kisukari: nyumbani unaishi na nani, na mnaishije? Na mwenye kuuliza ajue mahali pa kumpeleka aliyejibu, ili asiishie kwa mganga.

Nitaambiwa wauguzi wana foleni. Ni kweli. Lakini dada wa Msata amefungwa kidonda kile mara zaidi ya hamsini. Sekunde hazikukosekana.

Nilipita tena mwezi uliopita. Mama ananyanyua mkono wa kulia hadi begani sasa. Kidonda kimeanza kufunga pembeni, katikati bado. Nilipokuwa nakunywa chai dada alinitolea karatasi mbili nimsomee tarehe: kadi ya kliniki ya kisukari, na wito wa kutoa ushahidi katika shauri la kaka zake. Zote mbili zilisema Jumatano ileile. Aliniuliza aende wapi.

Nilimwambia aende kliniki. Shahidi anaweza kuomba udhuru. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Kaka," akasema, "nisipofika pale wote wawili watasema nimemchagua mwenzake."

Jumatano alikwenda barazani. Shauri liliahirishwa.